Mwongozo kamili: Kuwapeleka watoto kushika wanyama bila mtoto kuugua na bila mnyama kuteseka

Kila likizo ya shule inapoisha, maswali yanayonifikia ni yaleyale. Mzazi mmoja anaandika: "Tulienda kwenye bustani ya kushika wanyama, tukapaka kitakasa mikono kila mara, lakini siku ya nne mdogo akaanza kuhara." Mwingine anauliza: "Sungura alikuwa mpole, ametulia mapajani kabisa, mbona ghafla aling'ata?"

Wote wawili walijitahidi. Wa kwanza alilinda mikono, akasahau uzio, maranda ya sakafuni na chuchu ya plastiki iliyokuwa mdomoni mwa mtoto. Wa pili aliuona woga, akadhani ni upole.

Naandika mambo haya mawili pamoja kwa makusudi. Mnyama aliyesafirishwa mbali, aliyebanwa na anayeshikwashikwa kutwa nzima huelekea kutoa vijidudu vingi zaidi katika kinyesi chake. Kwa hiyo unapochunguza hali ya mnyama, unachunguza pia usalama wa mwanao.

## Andaa hivi kwanza

- Chupa ndogo ya sabuni ya maji, na angalau lita mbili za maji safi. Usitegemee bomba la mahali pale peke yake.
- Taulo za karatasi.
- Kitakasa mikono chenye alkoholi isiyopungua asilimia 60. Hiki ni cha akiba, hakichukui nafasi ya sabuni.
- Viatu vya kufunika vidole, vinavyosuguliwa kwa urahisi. Si kandambili.
- Mfuko wa kutilia viatu vichafu, na nguo za kubadilisha.
- Plasta zisizopenya maji, kwa kila mkwaruzo ulio mkononi.
- Mfuko mmoja unaofungwa kabisa, wa chupa ya maziwa, chuchu, vitafunwa na vichezeo. Mfuko huu hauingii zizini.
- Mtu mzima wa pili, kama una watoto wadogo zaidi ya mmoja. Macho mawili hayatoshi kwa midomo mitatu.

## Hatua ya 1: Amua nani anaingia na nani anabaki nje

Fanya uamuzi huu nyumbani. Ukifika langoni mtoto analia anataka kuingia, utalegea.

Wanaohitaji tahadhari kubwa ni watoto walio chini ya miaka 5, wazee waliopita miaka 65, wajawazito na yeyote ambaye kinga yake ya mwili ni dhaifu, kwa ugonjwa au kwa dawa anazotumia.

Sababu ni hii. Ng'ombe, mbuzi na kondoo wanaweza kubeba bakteria aitwaye E. coli O157 tumboni bila kuonyesha dalili yoyote. Manyoya yanang'aa, anakula vizuri, daktari wa mifugo hana cha kumtibu. Lakini vijidudu visivyofika hata 100 vinatosha kumwangusha binadamu. Kwa watoto wadogo ndipo hatari inapozidi: baadhi yao sumu ya bakteria hawa huharibu chembe nyekundu za damu, na figo zikashindwa kufanya kazi.

Mtoto aliye chini ya miaka 5 asishike kabisa vifaranga, bata wachanga, kobe, mijusi wala vyura. Hawa hubeba salmonela, bakteria wa kuharisha, mara nyingi, na kwa udogo wao mtoto huwapeleka usoni moja kwa moja. Awatazame.

Onyo: Mjamzito asikaribie kondoo au mbuzi wanaozaa, wala majani waliyozalia, wala nguo za aliyewahudumia. Maji ya uzazi na kondo la nyuma la wanyama hawa vinaweza kubeba vimelea vinavyoharibu mimba.

Umefaulu ikiwa: kila mtu anajua mapema kama ataingia, atatazama kutoka nje, au atabaki nyumbani. Mtoto anayehara sasa hivi naye anabaki. Ugonjwa huenda pande zote mbili.

## Hatua ya 2: Piga simu kabla ya kwenda

Uliza maswali manne, usikilize namna yanavyojibiwa. Wanyama hupumzika saa ngapi, na wapi? Daktari wa mifugo huja mara ngapi? Je, wamechanjwa kichaa cha mbwa pale inapohitajika? Pa kunawia kwa maji yanayotiririka na sabuni pako wapi: mlango wa kutokea, au mbali huko chooni?

Anayewajali wanyama wake atakueleza mpaka uchoke. Anayekujibu "usiwe na wasiwasi, wote ni wapole" hajakujibu.

Ukiambiwa kuna watoto wa simba au chui wa kubeba na kupiga nao picha, kata simu, usiende. Ili mtoto wa simba azoee mikono ya watu, huondolewa kwa mama yake mapema mno, na baada ya wiki chache tu amekuwa mkubwa kiasi cha kuhatarisha watu. Hapo analetwa mwingine. Marekani ilipiga marufuku umma kuwagusa watoto wa paka wakubwa kwa sheria iliyotiwa saini Desemba 2022.

## Hatua ya 3: Simama nje dakika kumi

Hatua hii hurukwa na karibu kila mtu, na kwangu ndiyo kubwa kuliko zote. Mkifika, msiingie. Mshike mtoto mkono, simameni kando ya uzio, mtazame.

Kwanza tafuta kama wanyama wana pa kwenda. Zizi jema lina sehemu ambayo mkono wa mgeni haufiki: kibanda nyuma ya kizuizi, jukwaa la mbuzi kupanda, tundu la sungura kupenya. Utafiti uliofanyika Zoo Atlanta, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2002 ulilinganisha mbuzi na kondoo wa kushikwa walipokuwa na pa kujitenga na walipokosa. Walipopewa nafasi kamili ya kuwakwepa watu, ukorofi wao kwa wageni ulipungua. Mbuzi anayepiga watoto pembe mara nyingi si mbuzi mbaya. Ni mbuzi aliyekosa mlango.

Kisha chagua mnyama mmoja, mmoja tu, umfuate kwa macho.

Siku moja nilimfuata hivyo mbuzi jike mweupe mwenye doa la kahawia shavuni. Kila mkono mdogo ulipomgusa mgongoni, ngozi yake ilitetemeka, naye akapiga hatua moja mbele. Mkono, hatua. Mkono, hatua. Alipofika pembeni mwa zizi hatua zikaisha. Akainamisha kichwa, paji la uso likagusa ukuta, masikio yamelala nyuma, na watoto watano wakaendelea kumpapasa. "Ona alivyo mpole," akasema mama mmoja. Mbuzi yule hakuwa ametulia. Alikuwa amekata tamaa ya kukimbia.

Wanyama hawa ni mawindo kwa asili, na windo halionyeshi udhaifu wake. Ndiyo maana lazima ujue cha kutafuta:

- Mbuzi na kondoo: aliyeridhika hucheua, hujinyoosha, husogelea watu mwenyewe na kuondoka mwenyewe. Mwenye dhiki hujibanza pembeni, huhema haraka bila joto la kumhemesha, hukanyaga chini kwa mguu wa mbele au husaga meno.
- Sungura: kujikunja na kuganda, macho yametoka, masikio yamebanwa mgongoni, hiyo ni hofu. Sungura aliyelazwa chali na kuacha kusogea hajalala usingizi. Amefanya kile afanyacho akiwa mdomoni mwa adui.
- Vifaranga: wakilundikana na kulia kwa sauti kali, wana baridi. Wiki ya kwanza wanahitaji joto la nyuzi 32 hadi 35 za Selsiasi, na hawalipati wakizungushwa kiganja kwa kiganja.

Mwisho, tazama chini. Kinyesi kilichoachwa njiani wanapopita watoto, maji machafu kwenye birika, kwato zilizorefuka na kupinda, nyuma ya mnyama palipochafuka kwa kuhara: moja tu kati ya haya linatosha kukurudisha nyumbani. Najua mmeshalipa na mtoto amevaa kofia yake mpya. Rudini.

Umefaulu ikiwa: unaweza kumwonyesha mtoto mnyama mmoja anayetaka kuguswa na mmoja asiyetaka, na mtoto akakueleza tofauti yao. Watoto wa miaka minne wanaweza, nimeshuhudia.

## Hatua ya 4: Acha kila kinachoingia mdomoni nje ya zizi

Sasa ule mfuko unaofungwa unafanya kazi. Chupa, chuchu, biskuti, peremende, kikombe chenye mrija, vyote vinabaki kwa mtu wa nje.

Mwaka 2004, kwenye maonyesho makubwa ya jimbo la North Carolina, Marekani, watu 108 waliugua E. coli O157 na 15 kati yao wakapata tatizo la figo nililolieleza juu. Wachunguzi walipouliza familia moja baada ya nyingine, mambo yaliyoambatana na kuugua kwa watoto wadogo yalikuwa ya mdomo na ya sakafu: kunyonya kidole au chuchu, kunywa kwenye kikombe ndani ya zizi, kugusa kinyesi, kuanguka au kukaa chini. Kitakasa mikono hakikuonekana kuwalinda.

Nao uzio usiusahau. Mwaka 1996, katika bustani ya wanyama ya Denver, huko huko Marekani, watu 65, wengi wao watoto, walihusishwa na mlipuko wa salmonela uliotokana na maonyesho ya mijusi wakubwa wa Komodo. Hawakuwashika mijusi. Walishika kizuizi cha mbao kilichowazunguka. Wahudumu wakitoka ndani na viatu vyao, mijusi wakiegemeza miguu yao, mbao ikachafuka bila doa la kuonekana. Watoto walionawa mikono baada ya ziara ndio walioelekea kuepuka balaa hilo.

Mtazame mtoto wa miaka miwili aliyefika kimo cha uzio. Anashika ubao wa juu kwa mikono miwili, anapumzisha kidevu, kisha anaulamba. Hana kosa, ndivyo anavyoujua ulimwengu. Mbebe kabla hajafika kwenye ubao.

Onyo: Kama mtoto hawezi bado kuacha kunyonya kidole, abaki mikononi mwako muda wote. Kumkumbusha hakusaidii, kidole kitakuwa kimeshaingia.

## Hatua ya 5: Gusa kwa ruhusa ya mnyama

Kaeni mahali pamoja, msimfuate. Mchuchumae, msikae wala kupiga magoti kwenye maranda. Mtoto anyooshe mkono chini, kiganja kikiwa wazi, angoje. Mnyama akija, mtoto amkune shingoni au begani mara tatu, kisha aondoe mkono. Mnyama akibaki au akisogea karibu, amekubali. Akiondoka, zamu imeisha.

Hesabu hiyo ya mara tatu ndiyo siri yote. Inampa mnyama nafasi ya kujibu, na inamfundisha mtoto kungoja jibu.

Asishikwe pembe, mkia, masikio wala utosi. Asikumbatiwe. Asibusiwe, hata akiwa mtoto wa kondoo aliyeoshwa jana: mdomo na manyoya vinabeba yaleyale yaliyo kwenye kinyesi. Mwenye magamba, mabaka yasiyo na manyoya au vidonda mdomoni msimguse, maana choa huhamia kwa watu, na vile vidonda vya midomo ya kondoo na mbuzi pia.

Sungura asibebwe na mtoto akiwa amesimama. Akijirusha kwa hofu na kupiga teke hewani anaweza kuvunjika uti wa mgongo, achilia mbali kuanguka. Mhudumu amweke sungura kwenye meza au sanduku lenye matandiko, mtoto amguse akiwa pale, miguu yote minne chini.

Umefaulu ikiwa: kuna angalau mnyama mmoja aliyewafuata mlipokuwa mnaondoka.

## Hatua ya 6: Lisha kidogo, au usilishe

Chakula kiwe kilekile kinachotolewa na mahali hapo, kwenye kiganja kilichonyooka, vidole vimebanwa pamoja. Mkate na biskuti kutoka nyumbani visiingie.

Tumbo la mbuzi limeumbwa kwa majani. Nafaka nyingi kwa mpigo huchachuka humo ndani, tumbo hujaa asidi au huvimba gesi, na mnyama anaweza kufa. Wewe unampa konzi moja tu, lakini wageni mia wa siku hiyo kila mmoja anampa konzi moja tu. Muulize mhudumu, "Leo wameshakula kiasi gani?" Kama hajui, watazameni wakila nyasi zao.

Kataeni chakula kinachouzwa ndani ya koni ya biskuti. Mbuzi akishailamba, mtoto ataimalizia.

## Hatua ya 7: Toka kwa mpangilio, viatu kwanza na mikono mwisho

Hapa ndipo familia makini huharibu kazi yao yote. Wananawa vizuri, kisha mama anainama kufungua kamba za viatu vya mtoto, anakunja kigari chenye magurudumu yaliyopita kwenye samadi, halafu kwa mikono hiyohiyo anamenya ndizi.

Fuata mpangilio huu:

1. Pangusa soli za viatu na magurudumu ya kigari kwa taulo za karatasi, uzitupe. Viatu vilivyochafuka sana vivue, vitie kwenye mfuko.
2. Badilisha nguo kama mtoto alianguka au alikaa chini.
3. Mnawishe mtoto. Maji yanayotiririka, sabuni, sekunde 20: viganja, mgongo wa mkono, katikati ya vidole, kidole gumba, chini ya kucha, kifundo. Mtoto wa chini ya miaka 5 hanawi mwenyewe, ananawishwa.
4. Nawa wewe.
5. Kausha kwa karatasi, funga bomba kwa karatasi hiyo.

Kwa nini si kitakasa? Alkoholi hufanya kazi vizuri kwenye mkono usio na uchafu wa kuonekana. Kwenye mkono wenye kinyesi, mate na mafuta ya manyoya nguvu yake hupungua sana, na kuna kimelea kiitwacho kriptosporidiamu, kinachopatikana zaidi kwa ndama na wana-kondoo, ambacho alkoholi hiyo haikiui. Sabuni na maji hukiondoa kwa kukisukuma nje ya ngozi.

Ukikuta beseni moja ambalo watoto wote wanachovya mikono, lipite. Tumia maji yako, mmoja amimine, mwingine asugue.

Wale waliobaki nje ya uzio nao wanawe. Kumbuka ubao wa Denver.

Na msidhani uchafu hufa ukikauka. Baada ya mlipuko wa mwaka 2001 katika jimbo la Ohio, uliowapata watu 23 waliofika kwenye jengo lililotumika kuonyeshea mifugo, E. coli O157 alipatikana kwenye vumbi la mbao la jengo hilo wiki 42 baadaye. Viatu vile vya kwenye mfuko visuguliwe kwa sabuni siku hiyohiyo, nje ya nyumba, mbali na jikoni.

Umefaulu ikiwa: hakuna aliyekula, kunywa wala kunyonya chochote kati ya kuingia zizini na kukauka mikono.

## Hatua ya 8: Siku kumi zinazofuata

Andika tarehe ya ziara mahali utakapoiona. E. coli O157 kwa kawaida hujitokeza siku ya 3 au ya 4, lakini inaweza kuchelewa hadi siku ya 10. Kriptosporidiamu huchukua siku 2 hadi 10, mara nyingi karibu wiki. Kufikia hapo familia imeshasahau mbuzi na inalaumu chakula cha jana.

Mpeleke mtoto hospitali ukiona damu kwenye choo, kuhara kusikokoma, tumbo la kukata, kutapika asibakishe kitu, mkojo kupungua, weupe usio wa kawaida usoni, au ulegevu. Damu kwenye choo haingoji kesho.

Mwambie daktari kwa maneno kamili: "Siku fulani alishika mbuzi na ndama." Bila sentensi hiyo huenda kipimo sahihi cha kinyesi kisiombwe.

Onyo: Usimpe dawa ya kufunga kuharisha, wala antibayotiki zilizobaki kabatini. Katika maambukizi ya E. coli O157 dawa hizo zinaweza kuongeza hatari ya figo kuharibika. Mpe maji ya chumvichumvi na sukari ya kuongeza maji mwilini, umpeleke.

Aliyeng'atwa au kukwaruzwa, osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, kisha mpeleke aangaliwe kuhusu kichaa cha mbwa na pepopunda, hata kama jeraha ni dogo.

Mgonjwa anayehara asiogelee na wenzake. Akiwa ameugua kriptosporidiamu, akae nje ya bwawa wiki mbili baada ya kuhara kukoma, kwa sababu klorini ya kawaida ya bwawa haikimalizi kimelea hicho haraka.

Kisha piga simu mbili: kwa idara ya afya na kwa bustani yenyewe. Katika shamba la Godstone, Uingereza, mwaka 2009, watu 93 waliugua E. coli O157. Dalili za kwanza za mlipuko zilijulikana Agosti, lakini shamba lilifungwa tarehe 12 Septemba, na uchunguzi huru uliofuata ulisema hatua za haraka zaidi zingezuia wengi wasiugue. Kila siku katikati hapo kulikuwa na watoto waliokuwa wakiingia.

Ukipiga, taja tarehe na saa mliyoingia, wanyama mliowashika, siku dalili zilipoanza, na kama kuna majibu ya maabara. Omba jina la aliyepokea simu, uliandike chini ya ile tarehe ya ziara.